Mwamba mmoja, utepe mmoja, hesabu mbili: niandike ya nani?

MzamiajiMpya

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mwanafunzi wa uvuvi pale Mbegani, Bagamoyo, kwa sasa niko Tanga kwa mafunzo ya vitendo. Tumewekwa kwenye timu inayohesabu samaki na viumbe wasio na uti wa mgongo kwenye miamba ya upande wa Kigombe, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Kibali kipo, BMU (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi) wametupokea vizuri, boti ipo na mafuta yapo. Kinachonisumbua ni hesabu zenyewe.

Tunatandaza utepe wa mita 50 juu ya mwamba, kina kama mita sita. Tunaogelea wawili bega kwa bega, kila mtu na kibao chake, tunahesabu samaki walio ndani ya mita mbili na nusu kila upande wa utepe. Juzi nimetoka na samaki 212, mwenzangu katoka na 131. Utepe ni huo huo, dakika ni hizo hizo! Pono tu, mimi 38 yeye 17. Kwenye ukubwa ndiyo balaa zaidi: samaki wa aina ya changu niliyemwandika sentimita 30, yeye kamwandika 20, na tulikuwa tunamwangalia wote. Kiongozi wetu anataka mwishoni tutoe kilo kwa hekta. Mwenzangu anasema tuchukue wastani yaishe. Mimi naona hapo tutakuwa tumefunika kombe tu.

Halafu kuna fomu ya wale viumbe wengine: jongoo bahari, kamba koche, pweza, chaza wakubwa, viti vya pweza (wale wa umbo la nyota), na urchini, zile duara zenye miiba. Urchini tumewaona tele. Wengine hatukuona, tukaacha nafasi wazi. Nauliza kwa nia njema: tunahangaika na urchini wa nini wakati hakuna anayewala huku wala anayewauza? Si bora muda huo tuongeze utepe mwingine wa samaki?

Nawasilisha.

Kipanga_TZ

Mkuu, zama hizi bado mnahesabu kwa penseli? Tegesha kamera chini na chambo mbele yake, panda boti, kaa kivulini. Jioni mnahesabu kwenye kompyuta, na mkibishana mnarudisha video nyuma. Ugomvi kwisha.

BiKigombe

Hujambo mwanangu. Pole na kazi, na umefanya vyema kuuliza kabla ya ripoti.

Nijitambulishe kidogo ujue anayekujibu ni nani. Mimi mzaliwa wa huko huko Kigombe. Nimekua nikichokoa pweza na mama yangu bamvua likiuacha mwamba wazi, na kuhesabu nilifunzwa enzi za ule mradi wa ukanda wa pwani Tanga, wa serikali na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwa fedha za Ireland, ulioanza 1994 ukaisha 2007. Walichukuliwa watu wa vijijini, wavuvi na akina mama, wakafundishwa kusoma mwamba na kuujaza kwenye fomu. Tukawa tunahesabu miamba tuliyokubaliana kuifunga na ile iliyobaki wazi, kisha tunailinganisha. Mambo ya kompyuta wako humu wenye nayo. Mimi nitakwambia ya majini.

Swali la nani kakosea liweke kando kwanza. Nani alitandaza utepe? Maana anayetandaza anapita juu ya samaki na kitu kirefu kinachopepea nyuma yake, na nyie mmemfuata hapo hapo. Pono na chewa wakubwa wameshaondoka kabla hujaandika herufi ya kwanza. Ziko njia mbili. Ama mtandaze, msogee mbali, msubiri kama robo saa samaki warudi kwenye shughuli zao ndipo mwanze. Ama anayehesabu atangulie mbele na mwenzake atandaze nyuma yake, samaki wahesabiwe kabla utepe haujawafikia. Chagueni moja, na hiyo hiyo iwe mwaka huu, mwakani na mwaka wa tatu. Mkichanganya, mtakuja kusema samaki wameongezeka kumbe kilichobadilika ni nyinyi.

La bega kwa bega liacheni kabisa. Wawili sambamba kila mmoja anauona upande wake vizuri na wa mwenzake kwa kudokoa. Mmoja ahesabu samaki. Mwingine abaki nyuma yake, aangalie usalama wake na hewa yake, na akimaliza yeye ndiye arudi na utepe akichungulia mashimo. Samaki wakubwa wanaotembea wahesabuni kwanza kwa upana wa mita tano. Vile visamaki vidogo vinavyoingia na kutoka kwenye matawi ya matumbawe vina zamu yake, kwa upana wa mita mbili, taratibu. Ukivifuata vyote kwa pamoja macho yanashindwa, na kinachopotea huwa ni vile vidogo.

Halafu hili la 212. Tasi wana mchezo wa kukuzunguka. Kundi linakuja kulia kwako, linapita nyuma, linatokeza kushoto, na wewe unaandika kundi jipya. Mkundaji ndiye hatari kabisa, anakufuata mwenyewe kwa sababu mapezi yako yanatimua mchanga naye anaokota humo chakula. Kanuni ni moja: hesabu aliye mbele yako ndani ya mipaka, na anayekupita kutoka nyuma usimwandike hata awe mzuri vipi. Nina hakika sehemu ya tofauti yenu imelala hapo.

Na samaki wa mwamba unaopigwa bunduki ya kuchomea anamjua mtu. Ukimkaribia hatua chache anazama upande wa pili wa jiwe. Yule wa mwamba uliofungwa miaka anakuja kukutazama usoni. Kwa hiyo sehemu ya "wingi" mnaouona kwenye mwamba uliofungwa ni ujasiri tu. Liandikeni hilo kwenye maelezo. Msome hofu ya samaki pia, ni habari.

Sasa ukubwa. Maji na kioo cha miwani hukifanya kitu kionekane kikubwa kwa theluthi moja na karibu kuliko kilipo. Changu wa sentimita 22 au 23 anakuja machoni kama wa 30. Bila shaka wewe umeandika unachokiona na mwenzako amepunguza kichwani, pengine kapunguza mno. Dawa yake: chukueni mabomba ya plastiki ya maji, kateni vipande vya urefu mbalimbali kuanzia sentimita 5 hadi 60, vifungeni kwenye kamba yenye uzito, vishusheni majini. Kila mtu aogelee akikadiria na kuandika, kisha mtoke mlinganishe na urefu wa kweli. Rudieni mpaka mkose kwa kidogo. Hili lifanyeni mwanzo wa kila msimu hata kama mmezoea, kwa sababu jicho likikaa nchi kavu linasahau. Na andikeni kwa matabaka ya sentimita tano tano. Anayeniandikia samaki aliye mbioni kuwa ana sentimita 23 namshangaa.

Msiudharau ukubwa mkadhani ni wa kilo tu. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, wakikua ndipo hugeuka madume. Mwamba wenye chewa ishirini wa sentimita 20 usiusifie idadi.

Kipanga, kamera ni nzuri, sina ugomvi nayo, na kwa samaki waoga inasaidia kweli. Ila yenye chambo inaita wala nyama zaidi ya wala majani, na haijui kuinamisha kichwa kuchungulia chini ya jiwe. Jongoo hatakuja kwenye chambo chako.

Nije kwenye fomu ya pili, na hapa mwanangu nitakuwa mkali. Nafasi wazi haina maana. Wazi inaweza kuwa "hatukuona", inaweza kuwa "hatukutafuta", inaweza kuwa "penseli ilianguka". Mkitafuta mkakosa, andikeni 0. Sifuri ni hesabu kamili. Watu wanadharau sifuri kwa sababu haipendezi kwenye ripoti, lakini mwamba wa mita 50 usio na kamba koche hata mmoja umekwambia jambo zito.

Ila mtafute kweli. Viumbe hawa ukiwahesabu mchana kwa kuelea juu juu unakuwa kama karani wa sensa anayepita saa watu wako shamba. Kamba koche yuko ndani ya pango, utaona sharubu tu, na bila tochi hutaziona. Pweza usimtafute yeye, tafuta nyumba yake: shimo lenye maganda ya kaa na vikombe vya chaza vilivyomwagwa mlangoni, maganda yakiwa masafi bila ukungu wa majani. Ndani akiwepo, utaona mlango umezibwa kwa vijiwe alivyovivuta mwenyewe, na pembeni kuna jicho. Mama yangu alikuwa anapita mashimo kumi bila kuinama, la kumi na moja anasimama. Hakuwa na uchawi, alikuwa anasoma taka. Maganda yaliyoota majani ni nyumba ya zamani, usiiandike.

Jongoo wengine hujizika mchangani. Chaza mkubwa hufunga kivuli chako kikimpitia, kwa hiyo mkaribie usimwekee kivuli. Na msiguse. Kiti cha pweza chenye miiba mingi kina sumu, kome za koni zenye rangi nzuri zina mshale wa sumu unaoua mtu, na samaki jiwe amekaa hapo hapo unapotaka kuweka mkono.

La mwisho kwa sasa, mlienda siku gani ya mwezi? Utepe wa bamvua na utepe wa maji mafu usiuweke kapu moja.

Nahodha_Sahare

Shikamoo Bi. Nawasoma tu. Mimi nawapeleka watu hawa baharini, pesa ya boti nalipwa, sikatai. Lakini niseme lililo moyoni mwa wavuvi: kila anayekuja na utepe, nyuma yake anakuja mtu na boya la kufunga mwamba. Tunahesabiwa samaki, halafu hesabu yenyewe hatuioni tena. Ikirudi inakuja kwa mdomo wa mtu wa mkutanoni anayesema "samaki wamepungua", kama vile sisi hatujui. Kijana, hesabu zako zitarudi kijijini au zinaishia Mbegani?

MzamiajiMpya

Bi Kigombe shikamoo, na asante mno. Nimeyasoma mara mbili na nimempelekea mwenzangu. Kweli tulitandaza na kuanza papo hapo. Mabomba tunatafuta leo.

Nahodha, swali lako ni zito, nitamuuliza kiongozi mbele yako tukiwa kwenye boti, ujibiwe wewe mwenyewe.

Siku tuliyoingia ilikuwa mwezi mchanga, kesho yake ya kuandama. Maji yalikuwa yanatoka kwa kasi na kuona ilikuwa kama mita nne hivi.

Kuhusu urchini bado sijashawishika, naomba niwe mkweli. Tulitumia fremu ya mita 1 kwa 1. Wale wadogo wanaokaa kwenye vishimo vyao ndani ya mwamba, fremu moja ilikuwa nao 14. Wale weusi wa miiba mirefu wachache. Na kwenye orodha ya samaki kuna mstari wa kikande. Hatukumuona, nao tuliuacha wazi. Nitaujaza 0.

BiKigombe

Marhaba wote wawili.

Kijana, umeyaandika mwenyewe mambo mawili ukayatenganisha kwa nukta: urchini 14 kwenye mita moja ya mraba, na kikande hakuna. Yasome pamoja.

Kikande ndiye mla urchini. Hasa yule wa mistari ya rangi ya chungwa. Nimewahi kumtazama mmoja mwanzo mwisho. Alimng'ang'ania urchini kwenye shimo lake, anauma miiba anarudi nyuma, anauma anarudi, mpaka akamtoa. Akambinua. Chini kule miiba ni mifupi na ndiko uliko mdomo, akapasua hapo. Hajameza tonge la pili visamaki vidogo vishajaa pembeni kugombania makombo. Meno ya kikande ni ya kuvunja, wavuvi wanayajua kwenye vidole. Sasa samaki huyu ni mlafi wa chambo, hana subira, mshipi ukishuka yeye ndiye wa kwanza, na kwenye mtego wa dema anaingia vizuri tu. Kwa hiyo mwamba unaovuliwa sana unampoteza mapema. Akishaondoka, urchini wa mashimoni anazaliana bila wa kumzuia, na huyo hali majani tu. Anakwangua jiwe lenyewe la mwamba, usiku na mchana. Watafiti waliofuatilia miamba ya Kenya kwa miaka mingi, ndani ya hifadhi na nje, walionyesha mlolongo huo: kikande wachache, urchini wengi, matumbawe yanaliwa mguu. Na wakauona ukigeuka taratibu pale uvuvi uliposimama. Taratibu, narudia. Kikande hakui kwa msimu mmoja.

Lakini usikimbilie kusema urchini ni adui, mtu aje na nyundo. Kule Karibiani 1983 urchini weusi wa miiba mirefu waliugua wakafa karibu wote ndani ya muda mfupi, na kwa kuwa wala majani wengine walikuwa wameshavuliwa, majani yalifunika matumbawe, Jamaika mpaka leo ni mfano wa kusikitisha. Na si hadithi ya mbali wala ya zamani. Hawa hawa weusi wa bahari yetu walikufa kwa wingi kwa ugonjwa wa vijidudu Bahari ya Shamu, na 2023 vifo vikaonekana hadi Réunion, ambako ni bahari hii hii ya Hindi. Siku ukifika Kigombe ukakuta miiba imelala mchangani na magamba meupe matupu, swali la kwanza litakuwa: walikuwa wangapi kabla? Jibu liko kwenye fomu unayotaka kuiruka. Kwa hiyo watenganishe kwa aina, wa mashimoni mbali, wa miiba mirefu mbali. Jumla yao haina kazi.

Viti vya pweza vyenye miiba navyo ni hivyo hivyo. Kimoja viwili ni mwamba wenye afya zake, vikiwa vingi vinakula tumbawe hadi libaki jeupe. Ukiona tumbawe jeupe angalia vizuri kabla ya kuandika limepauka kwa joto. La kupauka bado lina nyama juu yake, linang'aa kama kioo. Lililoliwa ni mfupa mtupu, na mlaji mara nyingi yuko chini ya ubavu wake amejificha. 1998 bahari ilipochemka tulijifunza kutofautisha kwa sababu vyote viwili vilikuwepo.

Sasa siku. Mwezi mchanga ni bamvua, mwanangu. Maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, yanavuta matope ya mikoko na ya mito, na pale katikati mkondo unakubeba wewe badala ya wewe kuogelea. Samaki nao wanahama na maji, juu ya mwamba wanapanda kula, yakitoka wanateremka ukingoni. Pwani yetu bamvua huwa kupwa saa nne saa tano asubuhi, ndiyo saa yetu akina mama ya pweza. Maji mafu ni kinyume chake, yanajaa mida hiyo hiyo, tena yanasimama kimya. Jua liko juu, maji yametulia na yametoka baharini ni masafi. Hiyo ndiyo saa yenu. Andaeni siku za robo mwezi. Na kaskazi ndiyo msimu. Masika Mto Pangani na Sigi zikifunguka, hesabu itakuwa ya matope.

Nahodha, nimekusikia na una haki. Nami nimekaa kwenye mikutano hiyo. Nitakwambia nilichokiona: miamba iliyofungwa kwa hesabu ya watu wa mbali ilivuliwa usiku, na ile ambayo wavuvi wenyewe walikuwemo majini wakihesabu, walibishana sana lakini waliilinda, kwa sababu mtu hawezi kukana alichokiandika kwa mkono wake. Sisemi kila kufunga kumeleta neema. Kuna mwamba ulifungwa ukabaki maskini kwa sababu ulishavunjwa na baruti ukawa vifusi vinavyoviringika, tumbawe changa halina pa kushika. Huo hata ufunge miaka. Kwa hiyo kijana, waombe BMU wakupe mtu mmoja wa kuzamia nanyi, anayevua hapo hapo. Asibebe tu nanga, apewe kibao. Na karatasi isomwe kijijini kabla haijapanda basi.

Takwimu_Chumbageni

Naongezea la namba tu, Bi amemaliza mengine.

MzamiajiMpya, msichukue wastani. Hifadhini zote mbili, kila mstari uwe na safu ya jina la aliyehesabu, tarehe, saa, hali ya maji na umbali wa kuona. Mkishafanya mazoezi ya mabomba, hesabuni pamoja tepe chache kwa makusudi ili mpate tofauti yenu ni kiasi gani, kisha muiseme wazi kwenye ripoti.

Kwa nini ukubwa unaumiza: uzito wa samaki hukadiriwa kwa urefu uliopandishwa karibu kipeo cha tatu, ukizidishwa na namba ya aina yake ambayo utaipata kwenye FishBase, kumbukumbu ya samaki iliyoko mtandaoni. Changu wako wa 30 dhidi ya wa mwenzako wa 20 si tofauti ya nusu. Ni zaidi ya mara tatu kwa uzito. Zidisha hilo kwa kundi zima uone kilo kwa hekta zinavyoruka. Utepe wa mita 50 kwa upana wa 5 ni mita za mraba 250, hekta moja ina 40 za namna hiyo, kwa hiyo kila kilo mnayokosea chini inakuwa kilo 40 juu.

Kwa kipimo: utafiti wa 2015 uliojumuisha miamba zaidi ya 800 duniani ulikadiria kuwa mwamba usiovuliwa hubeba kama kilo 1,000 za samaki kwa hekta. Mkipata 3,000 kwenye mwamba unaovuliwa kila siku, rudini kwenye mabomba. Na tepe nyingi fupi zilizotawanyika ni bora kuliko chache ndefu sehemu moja nzuri. Msichague sehemu kwa uzuri.

Kipanga_TZ

Haya nimekubali, kamera ibaki msaidizi. Swali la mwisho kutoka kwa mtu wa bara: hifadhi inaitwa ya Silikanti. Kwenye hiyo fomu yenu kuna mstari wake? Mnamuona?

BiKigombe

Hatumuoni, baba, na mstari wake haupo. Silikanti ni samaki wa vina virefu vya giza, mara nyingi zaidi ya mita mia moja, kwenye mapango ya miteremko. Watu wa Kigombe na Mwarongo walianza kumtoa kuanzia 2004 kwenye majarife ya papa yaliyoshushwa chini sana, ndiyo sababu hifadhi ikatangazwa 2009. Anayehesabu mita sita na utepe hakutani naye. Hapa sifuri msiiandike, kwa maana hamkumtafuta.

MzamiajiMpya

Nimeelewa tofauti. Tumekubaliana na kiongozi: tepe za juzi zinabaki kama za mazoezi, tunaanza upya maji mafu yanayokuja. Nahodha amempendekeza mdogo wake, mvuvi wa madema, ndiye atakayeshika kibao cha tatu. Kiongozi amesema mbele yake kwamba nakala inabaki ofisi ya kijiji kabla hatujaondoka. Mabomba tumepata, tumekata kumi na mawili.

Nahodha_Sahare

Mdogo wangu anauliza kikande aliyemo ndani ya dema lake anahesabiwa?

BiKigombe

Haingii kwenye utepe. Ila amwandike pembeni, na tarehe, na dema lilikuwa upande gani wa mwamba. Huyo kijana nampenda tayari.